Kabla ya Kuongeza Wati, Panda Juu ya Paa

Redio nyingi za mawasiliano zinazofikishwa kwa fundi zikisemwa zimekufa ziliuawa na karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi imekatika njiani, usiku, na dereva hana nyingine. Anachana ile karatasi inayong'aa, anaizungushia fyuzi iliyoungua, anairudisha mahali pake. Redio inawaka, safari inaendelea. Kilichoikata fyuzi bado kimo kwenye waya, ila sasa hakuna tena kitu cha kukizuia, na siku kitakaporudi kitapita moja kwa moja hadi kwenye transista.

Mafundi ninaowazungumzia wako Kasesya, kituo cha mpaka katika Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Ukitoka Sumbawanga unapita Matai, yaliko makao makuu ya wilaya, kisha unakata kuelekea Zambia. Ng'ambo, mji unaotajwa kwanza ni Mbala. Wengi wanalijua eneo hili kwa mahindi, maharage na maporomoko ya Kalambo. Wachache wanajua kuwa ni eneo gumu kwa mawimbi ya redio, na kwamba ndiyo maana ufundi wa simu za upepo haujafa huku hata baada ya simu ya mkononi kuingia kila mfukoni. Redio ya boti la Ziwa Tanganyika, ya gari la mkandarasi, ya misheni, na ile ya CB, yaani redio ya raia, iliyofungwa kwenye lori kutoka kusini, zote zikiharibika zinaishia kwenye meza ya fundi yule yule, na fundi wa mpakani hana anasa ya kuchagua.

Hiyo ya CB ina historia yake. Marekani iliwafungulia raia wake masafa ya megahezi 27 mwaka 1958, na kufikia mwaka 1977 chaneli zilikuwa 40. Madereva wa malori waliikumbatia wakati wa shida ya mafuta ya mwaka 1973, wakielezana wapi mafuta yanapatikana na wapi askari wamejificha. Nguvu iliyoruhusiwa ni ndogo: wati 4 kwa AM, wati 12 kwa SSB. Kila balaa ninalolieleza hapa chini linaanzia kwenye tamaa ya kuzizidisha wati hizo.

Mazungumzo ya dereva na fundi huwa mafupi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, dereva."

"Hii redio imekata roho tangu juzi. Nimekuja na busta pia, uifunge kabisa, labda itaamka."

"Fyuzi yake iko wapi?"

Dereva anaugeuza waya wa umeme. Karatasi ya sigara, imeungua katikati.

"Na gari ni la volti ngapi?"

"Ishirini na nne, mzee. Ila mimi nilichukua kwenye betri moja tu."

Hapo fundi mzuri ameshajua nusu ya ugonjwa kabla hajashika bisibisi. Lori kubwa lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, na injini ikiunguruma alteneta inazipandisha hadi karibu volti 28. Redio ya CB imetengenezwa kwa volti 13.8. Ukiiunga kwenye betri moja itafanya kazi, lakini betri hiyo inanyonywa kuliko mwenzake huku chaji ikipita kwa zote mbili sawasawa; moja inakufa mapema, nyingine inachemka mpaka maji yanakauka. Na ukikosea ukachukua betri ya juu, hasi ya redio inakaa volti 12 juu ya bodi ya gari. Siku kasha la redio au shina la antena litakapogusa chuma cha kabini, ni shoti. Dawa yake ni kipunguza volti cha kutoka 24 kwenda 12, kifaa kidogo ambacho dereva hukiona ghali mpaka anunue betri mpya.

Ndani ya redio, pale umeme unapoingilia, kuna dayodi moja iliyofungwa kinyume. Siku zote imekaa kimya. Mtu akigeuza chanya na hasi, dayodi hiyo inafungua njia, inavuta umeme wote, fyuzi inakatika, na redio inapona. Fyuzi ikiwa ni ya kweli, ya ampea 2 au 3, habari inaishia hapo. Ikiwa ni karatasi ya sigara, dayodi inapiga shoti yenyewe na kubaki hivyo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hufanywa redio ikiwa imezimwa: mita kwenye omu, kati ya waya mwekundu na mweusi. Ukisoma sifuri, usiiwashe. Kata mguu mmoja wa dayodi, pima tena. Redio iliyoombolezwa tangu juzi huinuka kwa dayodi ya bei ya chai na fyuzi halali, na nafurahi kila ninapoliona hilo likitokea mbele ya mwenye mali.

Kama si umeme, ni maiki. Waya wa maiki hukunjwa na kuvutwa kutwa nzima, na hukatika ndani kwa ndani pale unapoingia kwenye plagi, ngozi yake ya nje ikionekana nzima kabisa. Katika redio nyingi za CB za zamani, njia ya spika inapitia kwenye kitufe cha maiki. Waya ukikatika, si kuongea tu kunakokwama; hata kusikia husikii. Fundi asiyelijua hili atafungua bodi, atabadilisha aisii ya sauti, atalipisha, na redio itabaki bubu na kiziwi. Anayelijua anautikisa waya karibu na plagi huku akisikiliza. Ukikwaruza, ameupata.

Halafu inakuja antena, na hapa naomba msomaji avumilie, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa meta 11. Antena ya robo wimbi kwa hiyo ni fimbo ya karibu meta 2.6, na nusu yake nyingine ni bodi ya gari lenyewe. Fimbo ikifungwa juu ya rangi badala ya chuma kilichokwanguliwa, nusu hiyo haipo. Nguvu inafika juu, inakosa pa kwenda, inarudi kwenye redio. Mita ya SWR hupima kurudi huko. Ikisoma 1.5, endelea na kazi. Ikisoma 3, robo nzima ya nguvu inarudi ilikotoka, na transista ya mwisho ndiyo inayoibeba ikiwa joto. Transista kama 2SC1969, iliyokuwa ya kawaida kwenye redio hizi, haina subira na hali hiyo dereva akishika kitufe na kusimulia habari ndefu.

Namna ya kutenganisha kosa la redio na kosa la antena ni nyepesi: iondoe antena, weka antena bandia, yaani rezista ya omu 50 inayoweza kula nguvu yote bila kuirusha hewani. Redio ikitoa wati zake 4 kwenye antena bandia, ifunge, usiiguse tena. Ugonjwa uko juu ya paa. Ukipanda utaukuta: plagi ya antena imeingiwa na maji, nyuzi za shaba za nje ya kebo zimegeuka kijani, risasi imeshika juu juu bila kuyeyuka vizuri, au kebo imebanwa na mlango wa kabini mpaka katikati yake imegusana na ganda. Kebo iliyonywa maji haifai kukaushwa na kurudishwa. Ikatwe hadi pale shaba inapong'aa, na kama haing'ai popote, itupwe. Masika ya Ufipa ni marefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na plagi isiyozibwa kwa utepe wa mpira haimalizi msimu mmoja.

Sasa busta.

Karibu kila mwenye redio asiyesikika anaamini anahitaji busta, yaani amplifaya ya kuzidisha nguvu inayofungwa kati ya redio na antena. Tufanye hesabu. Kutoka wati 4 kwenda wati 100 ni mara 25. Kwa sikio la anayekusikiliza, na kwa mshale wa mita yake, ongezeko hilo ni desibeli 14, yaani alama mbili na kidogo tu. Antena mbovu iliyorekebishwa inaweza kukurudishia kiasi hicho bila gharama ya busta, na inakupa kitu ambacho busta haikupi kabisa: masikio. Busta inakuza unachotuma. Unachopokea inakiacha vile vile. Dereva anaanza kusikika mbali, na yeye hawasikii wanaomjibu, kisha anarudi kwa fundi kulalamika kwamba redio imekuwa kiziwi.

Kuna pia suala la ampea. Ili busta itoe wati 100, yenyewe inakula kama wati 200, yaani karibu ampea 15 kwenye volti 13.8. Mtu anaifunga kwa waya mwembamba wa spika. Anapobonyeza kitufe, volti zinaporomoka ndani ya waya, taa za dashibodi zinafifia, sauti inakatikakatika. Waya mnene wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri, ungemaliza kesi.

Busta inayoletwa ikiwa imeungua, fundi asikimbilie kuchomoa transista. Asikilize kwanza relei: kitufe cha maiki kikibonyezwa, inagonga? Isipogonga, kosa linaweza kuwa kwenye sakiti ndogo inayonusa mawimbi ya redio na kuiamsha relei, na transista kubwa zikawa salama kabisa. Relei ikigonga na nguvu haitoki, ndipo azipime. Transista hizi hufanya kazi mbili mbili, zikisukuma na kuvuta kwa zamu. Moja ikipiga shoti, mwenzake amepata mshtuko ule ule; kubadilisha moja na kuiacha nyingine ni kuomba mteja arudi wiki ijayo. Na kabla ya kuweka mpya, swali moja lazima lijibiwe: hizi zilikufa kwa nini? Mara nyingi jibu liko juu ya paa, kama lilivyokuwa kwa redio.

Ugumu mwingine ni vipuri. Transista ya 2SC2879 ya Toshiba ilikuwa mfalme wa busta za volti 12. Kampuni iliacha kuitengeneza, na tangu hapo soko limejaa za bandia: transista dhaifu zilizofutwa maandishi yao na kuandikwa upya. Mita ya kawaida haitakwambia, kwa sababu ya bandia nayo ni transista, inapima vizuri mezani. Inaonyesha udhaifu wake ikibeba mzigo. Kuna njia ya mafundi wa zamani ambayo sijaona bora yake: umeme wa kwanza kwenye busta iliyotoka kutengenezwa upitishwe kwenye balbu ya gari ya volti 12, wati 21, iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa chanya. Balbu ikiwaka kwa nguvu kabla hujabonyeza chochote, bado kuna shoti ndani, na transista mpya zimesalimika kwa sababu balbu imeubeba umeme. Ikibaki imezima au ikawaka hafifu, iondoe, weka fyuzi, endelea kupima.

Kwenye busta za balbu za kioo, zile kubwa za kuwekwa nyumbani, tahadhari ni nyingine kabisa. Ndani yake kuna mamia ya volti, nyingine hupita 1,000, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Zimwagwe kwanza kupitia rezista, zipimwe hadi zisome sifuri, na mkono mmoja ukae mbali na kasha muda wote. Kijana anayejifunza asiachwe peke yake na kifaa hiki. Hili silisemi kwa mazoea.

Busta nyingi za bei rahisi hazina kichujio cha kuzuia mawimbi ya ziada. Redio inarusha kwenye megahezi 27.185, busta isiyochujwa inarusha pia kwenye mara mbili yake, mara tatu, mara nne. Mara nne ni megahezi 108.74, na hapo ni ndani ya masafa ya vifaa vya kuongozea ndege. Mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku kuuza amplifaya za masafa ya CB. Kwetu, matumizi ya masafa ya redio yako chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na TCRA ndiyo inayotoa leseni na kuidhinisha vifaa. Leseni ya Tanzania, ukishavuka geti la Kasesya, haikufanyi kuwa halali Zambia. Kwa maoni yangu fundi ana haki ya kukataa kufunga busta, na anapaswa kuitumia. Kuitengeneza antena hakuvunji sheria yoyote.

Tena kuna jambo ambalo busta haiwezi kulishinda hapa hata ikiwa ya wati 1,000: umbo la nchi. Uwanda wa Ufipa umeinuka, Sumbawanga iko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upande wa magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika lililo kwenye meta 773 hivi. Upande wa pili inashuka hadi bonde la Rukwa. Mawimbi ya megahezi 27, na zaidi yale ya redio za mkononi, hupenda njia iliyonyooka. Ukuta wa mwamba unayakata, na kijiji kilicho mwambaoni chini ya genge kinabaki kwenye kivuli, kama kinavyobaki kwenye kivuli cha minara ya simu.

Wamisionari na serikali walikwepa ukuta huo kwa masafa mafupi, kati ya megahezi 3 na 8. Antena ni waya mrefu uliotandazwa chini chini kati ya miti miwili. Mawimbi yake hupanda karibu wima, hukutana na tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, hurudi ardhini na kunyesha pande zote, mabondeni na nyuma ya milima. Hiyo ndiyo redio koli ya zahanati na parokia, na wati 100 zinaitosha kuzungumza na mkoa mzima. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, waliiita foni, na kabla ya simu za mkononi wafanyabiashara walipanga foleni kwenye vibanda vyake kuulizia bei. Nchini Uganda, katika wilaya ya Iganga, mradi wa RESCUER ulioanza mwaka 1996 uliwapa wakunga wa jadi redio za kuita gari la wagonjwa pale mzazi anaposhindwa. Hapo redio iliyokatika waya wa maiki haikuwa tena kero ya dereva.

Eneo hili la mpaka wa Kasesya nalo linaijua gharama ya habari inayochelewa. Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa ameingia Rhodesia ya Kaskazini na jeshi lake, alizipata habari siku mbili baadaye kwenye karatasi za mjumbe wa pikipiki aliyekamatwa, na silaha zilikabidhiwa rasmi tarehe 25 Novemba pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Siku zile vita ilikuwa imekwisha, na wapagazi wa Kiafrika bado walikuwa na mizigo ya vita vichwani.

Redio ya masafa mafupi ina lalamiko moja ambalo humpotezea fundi mgeni siku: "mchana inafanya kazi, usiku inakufa." Haijafa. Jua likizama, tabaka lile la juu hupungua nguvu, na mawimbi ya megahezi 7 yaliyokuwa yakirudishwa mchana hupenya na kupotea angani. Shuka hadi megahezi 3 au 4, watu wote wapo. Kwenye CB kuna kioja cha kinyume: jua linapokuwa na madoa mengi, kama ilivyokuwa mwaka 2024, chaneli hujaa sauti za lugha za mbali zinazomeza ya jirani. Dereva anaapa kwamba redio imeharibika. Aipe siku chache.

Nimeiacha radi nyuma makusudi, kwa kuwa watu wa Sumbawanga wamechoka na utani wa radi, na wana haki ya kuchoka. Lakini fundi hawezi kuipuuza. Radi haihitaji kupiga antena; ikipiga mti wa karibu, inaamsha umeme wa kutosha ndani ya waya mrefu kuua kinachopokea. Dalili yake ni bayana: baada ya mvua ya ngurumo, redio inasikika kwa wenzako vizuri, yenyewe haisikii kitu. Tazama dayodi ndogo mbili na transista ya kwanza baada ya tundu la antena. Kinga yake ni nguzo ya shaba ardhini, ethi ya mlingoti na ya redio zikiwa zimeunganishwa pamoja, na mawingu yakitanda, antena ichomolewe na umeme pia. Kuchomoa waya wa antena na kuuacha sakafuni karibu na redio hakutoshi. Utolewe nje ya dirisha.

VETA ina chuo Sumbawanga, na vijana wanaojifunza umeme hapo wangefaidika wakiletewa mafundi hawa wazee wa mpakani hata kwa wiki moja, kila mmoja na redio zake mbovu. Hawahitaji maabara kubwa ili kuanza. Mita ya kawaida ipo. Mita ya SWR hununuliwa mara moja. Antena bandia hutengenezwa darasani: rezista 20 za kaboni, omu 1,000 kila moja, za wati 2, zilizofungwa sambamba kati ya vipande viwili vya bati, miguu ikikatwa iwe mifupi. Zisiwe za waya uliosokotwa, maana hizo zina tabia ya koili na zitadanganya kipimo. Omu zake zitakuwa 50, na itabeba wati 40, zaidi ya mara tatu ya yote ambayo redio ya CB ikiwa nzima, peke yake, itakuja kuidai.